Karatasi Inaposema Hivi na Mwili Unasema Vile

Sisi wauguzi wa kliniki ya kisukari, ambao Jumapili baada ya ibada huwapima pia akina mama wenzetu kanisani, tunazijua hila zenu. Siku mbili kabla ya kliniki chai hunywewa bila sukari na wali hupunguzwa. Asubuhi mama huja akitabasamu, tunamchoma kidole, mashine inaandika 6. Lakini kidole husema habari za saa ile tu.

Ndiyo maana daktari huagiza kipimo kiitwacho A1c. Sukari hujishika kwenye chembe nyekundu za damu kama masizi yanavyojishika kwenye sufuria. Chembe hizo huishi siku zipatazo 120, hivyo jibu hueleza hali ya miezi miwili hadi mitatu. Wagonjwa wengi wazima huambiwa wajitahidi kubaki chini ya asilimia 7. Hila za siku mbili haziwezi kulibadili.

Je, A1c haikosei? Hukosea, dada zetu. Sufuria mpya haina masizi mengi hata kama moto ni mkali. Vivyo hivyo mama aliyetokwa na damu nyingi, au mwenye selimundu, ana chembe changa nyingi. Naye aliyeongezewa damu karibuni amebeba chembe za mtu mwingine. Jibu lake laweza kuwa dogo kuliko ukweli. Wajawazito nao A1c yao hushuka. Kinyume chake, upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma, tunaouona sana kwa wenye hedhi nzito, waweza kulipandisha.

Tulimpokea mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi na kuongezewa chupa tatu za damu. Wiki tano baadaye A1c yake ilikuwa asilimia 6.1. Mumewe alifurahi, akauliza kama dawa zitapunguzwa. Lakini mama aliamka mara nne kila usiku kwenda haja ndogo, na kidole kilionyesha 14, kesho yake 16. Daktari akaagiza fruktosamini, kipimo kinachotazama sukari iliyoshika kwenye protini za damu. Hueleza wiki mbili hadi tatu. Jibu likawa juu. Dawa ziliongezwa, na baada ya majuma machache mama akaanza kulala usiku kucha.

Fruktosamini nayo ina udhaifu wake: protini zikipungua kwa ugonjwa wa figo au ini, haitegemeki. Tena si kila maabara inayo. Basi weka daftari la vipimo vya kidole, asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula.

Mama mpendwa, kabla ya kupokea namba yoyote, mweleze daktari habari za damu yako: hedhi, mimba, upasuaji, kuongezewa damu, selimundu katika ukoo. Na karatasi ikikusifu huku kiu haikuishi, usinyamaze. Uliza.