Wiki tisa na walemavu katika milima ya Catskill

Mama aliposikia kwamba ninasafiri hadi Marekani kuwaosha na kuwalisha walemavu, aliniuliza swali moja tu: "Kwani huko hawana watu wao?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu, na kusema kweli hamu yangu kubwa ilikuwa kupanda ndege.

Hiyo ilikuwa Juni 2023. Ndege ilitutoa Nairobi moja kwa moja hadi New York, kisha basi likatupeleka kaskazini mwa jiji hilo hadi milima ya Catskill. Mtu wa Kinangop hangehisi ugeni huko. Kuna vilima, misitu, ukungu wa asubuhi na baridi ya kukufanya utafute sweta usiku, ingawa wenyewe walikuwa wakisema kiangazi kimefika.

Kambi yenyewe ilikuwa vibanda vya mbao, ukumbi wa kulia chakula na ziwa dogo. Nilitarajia watoto. Lo! Basi la kwanza lilipofunguliwa mlango, walioteremshwa ni watu wazima, wengine wakiwa na umri wa kumzidi baba yangu. Huja kwa wiki moja au mbili, wacheze, waogelee, waote moto usiku, na jamaa zao wanaowatunza mwaka mzima nao wapate kupumzika.

Asikuambie mtu kwamba hiyo ni kazi ya kupiga picha. Tuliamka saa kumi na mbili unusu. Kumwondoa mtu mmoja kitandani na kumketisha kwenye kiti cha magurudumu kulihitaji watu wawili na mashine ya kumnyanyua kwa turubai. Kisha kuoga, kupiga mswaki, kubadilisha nepi. Ndiyo, nepi za watu wazima. Siku ya kwanza nilishindwa kula kiamshakinywa. Kuna waliosagiwa chakula, na hata maji yao yakatiwa unga wa kuyafanya mazito ili yasipitie njia ya hewa. Nililisha kama mtu anayefukuzwa hadi muuguzi akanishika mkono. Kijiko kimoja, ngoja ameze, ndipo kijiko kingine.

Niliyekabidhiwa kwanza alikuwa mzee wa miaka 52 kutoka Brooklyn, mwenye mtindio wa ubongo. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo ulimi wangu ulikataa katakata, basi mimi nikamwita Mzee. Alipoelezwa maana yake alicheka hadi kiti kikatikisika. Kuongea kulimwia vigumu, hivyo alikuwa na ubao wa herufi, akigusa moja baada ya nyingine kwa kidole kilichotetemeka.

Siku ya tatu alitaka kuingia kwenye mtumbwi. Nilitazama maji, nikatazama ile mikono yake, nikamhurumia. Nikamwambia kuna baridi, twende tukapake rangi. Nikasukuma kiti kabla hajajibu. Kwenye meza ya rangi hakugusa brashi. Alivuta ubao akaonyesha herufi nne, polepole, neno la Kiingereza lenye maana ya ziwa. Kisha akazirudia. Mimi nikajifanya sijaelewa.

Jioni niliitwa na kiongozi wetu, mama ambaye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu. Hakupaza sauti. Aliniambia kwamba Mzee amesubiri ziwa hilo miezi kumi na mmoja, na kwamba nikimsukuma mtu tena bila ya kumwuliza nitarudishwa Nairobi. Msomaji, nililala na aibu usiku huo.

Kesho yake tulimvisha jaketi la kuelea, tukamwingiza mtumbwini watu watatu. Dakika kumi hazikuisha kabla midomo haijaanza kumtetemeka. Akaomba turudi. Kumbe kweli kulikuwa na baridi! Lakini safari hii aliyeamua ni yeye.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba milima hiyo ina historia yake. Karibu na mji wa Hunter palikuwa na kambi iitwayo Jened, iliyofunguliwa mwaka wa 1951 na kufungwa 1977. Judy Heumann, aliyepooza kwa polio utotoni, alipitia hapo. Mwaka wa 1970 alinyimwa leseni ya ualimu New York kwa sababu ya kiti chake. Akashtaki, akashinda, akafundisha. Mwaka wa 1977 yeye na wenzake, wakiwemo waliojuana Jened, walikalia ofisi za serikali San Francisco kwa zaidi ya majuma matatu hadi kanuni za kuwakinga dhidi ya ubaguzi zikatiwa sahihi. Sheria kubwa ya haki za walemavu ilifuata mwaka wa 1990. Heumann alifariki Machi 2023, miezi mitatu kabla sijafika. Kuna filamu kuhusu kambi hiyo, Crip Camp, iliyotoka 2020.

Kwa wanafunzi wanaotaka kwenda: viza ni J-1, umri usipungue miaka 18, na kazi ya kambi haizidi miezi minne. Posho utapewa, ila usitarajie kurudi na bei ya ploti Ruiru.

Niliporudi nilikwenda Umoja kumsalimia shangazi. Ana binti wa miaka 19 asiyeweza kutembea, na anayeongea kwa shida. Miaka yote nilikuwa nikimpungia mkono tu mlangoni, kisha naketi sebuleni na wakubwa. Siku hiyo niliingia chumbani kwake nikamwuliza kama angependa tukae nje. "Hapendi jua," shangazi akajibu kutoka jikoni. Nikavuta kiti, nikamtazama binamu yangu, nikangoja. Ilichukua muda. Alisema anataka kwenda hadi dukani.

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatusindikiza kwa macho hadi kwenye lango.