Piano mbili, akiba moja

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Si kazi ya programu iliyoniweka mbali, ni piano. Dada yangu mdogo hufundisha watoto muziki, na anataka kufundishia nyumbani kwetu Kinoo badala ya kushinda kwenye matatu za Waiyaki Way kila jioni. Mwenye akiba nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimeiwekea kompyuta mpya. Tukatafuta piano zilizotumika, tukabaki na mbili.

Ya kwanza ilitoka Uingereza, kuukuu kabisa, ina vishikio vya mishumaa vya shaba. Bei shilingi 85,000. Ya pili ni Yamaha U1 nyeusi, haina urembo wowote, shilingi 230,000. Dada aliipenda ya kwanza. Mimi pia niliipenda, na mfuko wangu ukaipenda kutushinda sote.

Lakini kitu kikipimika, mimi hupima. Noti ya A iliyo juu ya Do ya kati hutakiwa kutoa mitetemo 440 kwa sekunde, na programu ya bure kwenye simu inatosha kuihesabu. Yamaha ilitoa 436. Ile kuukuu ilitoa 416, yaani karibu nusu toni chini.

"Si fundi ataikaza tu?" dada akauliza.

Hapo ndipo penye hesabu. Nguvu inayovuta uzi huongezeka kwa mraba wa mitetemo. Kutoka 436 hadi 440 unaongeza kama asilimia 2. Kutoka 416 unaongeza karibu asilimia 12. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na kwa pamoja huvuta fremu kwa nguvu ya tani nyingi. Ukiongeza asilimia 12 kwenye nyuzi zenye kutu, ujiandae kusikia zikikatika.

Fundi wetu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alifungua ubao wa mbele akaweka ufunguo wake kwenye pini. Ikazunguka bila kukaza. Pini hizo hushikwa na mbao peke yake. Mbao ikishalegea, sauti unayoiweka leo itakuwa imeshuka baada ya siku chache. Sufu ya nyundo nayo ilikuwa imeliwa na nondo.

"Hii nunueni kama mnataka pa kuwekea picha za harusi," akasema.

Pini za Yamaha zilikuwa ngumu. Nambari iliyo kwenye fremu huonyesha mwaka piano ilipotengenezwa. Tulipoitafuta kwenye intaneti tukapata 1978. Ni nzee kuniliko, lakini imetunzwa.

Tukanunua hiyo. Ina uzito wa zaidi ya kilo 220, kwa hiyo tunashukuru kwamba tunakaa chini na si ghorofani. Tumeiweka kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, kwa sababu mbao hunywa unyevu wakati wa mvua na kuupoteza kiangazi, na sauti hupanda na kushuka pamoja nayo. Fundi atakuja mara mbili kwa mwaka.

Kompyuta yangu ya zamani, ambayo betri yake ilishakufa, itasukuma mwaka mwingine. Dada ameanza na wanafunzi watatu. Amesema atanilipa polepole, nami sijampa tarehe.