Lebo ya Mwenyewe wa Kwanza

Msomaji mpenzi, usinicheke ukiona nimeacha mapenzi na majambazi nikaandika habari za meli. Nilimaliza kidato cha nne, riwaya yangu iko kwenye madaftari manne, na mchana nashinda kibarazani na baba yangu, fundi cherehani, tunafumua mitumba. Basi siku niliposoma kwamba Carnival, kampuni kubwa kabisa ya meli za kitalii kule Marekani, ilianza na meli za mitumba, nilimsomea mzee kwa sauti.

Mambo yalikuwa hivi. Ndege za jeti zilikwisha kuwanyang'anya wenye meli abiria wa kuvuka bahari, na meli nzuri zikawa zinauzwa. Mwaka 1972 Ted Arison akainunua Empress of Canada, iliyoundwa Uingereza mwaka 1961, akaiita Mardi Gras. Safari ya kwanza tu, Machi 11, imejaa mawakala wa usafiri ambao ndio waliotegemewa kuisifia, ikakwama mchangani palepale kwenye mlango wa bandari ya Miami! Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini mimi kilichonivutia ni dohani, yaani bomba la moshi. Lilikuwa na nembo ya Canadian Pacific, wenyewe wa zamani. Carnival hawakuifuta. Walibadili rangi tu, kijani ikatoka, zikaingia nyekundu na buluu, nyeupe ikabaki. Alama iliyotokana na ile ndiyo iko kwenye meli zao hadi leo. Ni sawa na mtu anunue koti la mtumba, aipake rangi lebo ya mwenyewe wa kwanza, kisha aifanye jina la ukoo.

"Huo si ubunifu, mwanangu," mzee akasema. "Huo ni ukata."

Nikambishia, maana hapo ndipo ulipo ugomvi wetu. Kwake yeye riwaya yangu ni hadithi za bibi nilizozivisha suruali. Cherehani ya pili inanisubiri, nami nimepewa mpaka mwisho wa mwezi kuamua: cherehani au madaftari.

Nikamweleza ya pili, Empress of Britain ya mwaka 1956, iliyogeuzwa Carnivale. Hakushtuka. Ya tatu ndiyo iliyomnyamazisha. Transvaal Castle ilikuwa ikipeleka barua na abiria toka Southampton hadi Cape Town, baadaye ikaitwa S.A. Vaal. Carnival waliinunua mwaka 1977 wakaipeleka Kobe, Japani, ikafumuliwa ndani, vyumba vya abiria vikaongezwa. Mwaka 1978 ikatoka ikiitwa Festivale.

Mzee aliweka mkasi chini. "Hapo kweli walishona."

Zote tatu ziliishia Alang, India, kwenye ufuko ambako meli huendeshwa zipande mchangani maji yakijaa, halafu watu wanazikata. Jina Mardi Gras amerithishwa mwingine, meli mpya kabisa iliyoanza kazi mwaka 2021.

Mzee akauliza vyuma vya kule huwa vinakwenda wapi. Nikamwambia vingi hugeuzwa nondo za kujengea nyumba. Akaguna. Baadaye nilimkuta ameshika daftari langu la kwanza, anasoma, chaki ya kuchorea nguo iko sikioni.

Mwezi umebakiza siku tisa.