Essen, Mji wa Chuma cha Krupp

Msafiri afikaye Essen, mji ulio katika bonde la mto Ruhr, magharibi ya Ujerumani, huona nyumba mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni kijumba cha kizamani. Ya pili ni jumba la Hügel, lenye vyumba 269, lililojengwa kilimani kati ya mwaka 1870 na 1873. Zote zilikuwa za ukoo wa Krupp.

Friedrich Krupp alianzisha kiwanda mwaka 1811, akitaka kutengeneza chuma cha pua kilicho bora kama cha Waingereza. Alipofariki mwaka 1826 aliacha madeni na wafanyakazi wachache. Mwanawe Alfred, kijana wa miaka 14, akashika kazi akisaidiana na mama yake. Mwaka 1851 alipeleka kwenye maonyesho makubwa ya London bonge moja la chuma cha pua lenye uzito wa tani mbili hivi, na mafundi wa Ulaya wakastaajabu. Baadaye akatengeneza pete za magurudumu ya gari la moshi zisizo na kiungo. Ndiyo maana pete tatu zilizopishana zikawa alama ya kampuni mwaka 1875. Lakini chuma hicho hicho kilifanywa mizinga pia, na jina la Krupp likavuma katika majeshi mengi.

Wafanyakazi walitunzwa kuliko desturi ya siku zile. Palikuwa na mfuko wa kuwasaidia wagonjwa tangu mwaka 1836, kisha pensheni, nyumba za kupanga na maduka ya kampuni. Mwaka 1906 Margarethe Krupp alitoa ardhi na fedha kwa ajili ya mtaa wa Margarethenhöhe, ambao nyumba zake zenye bustani zinakaliwa hadi leo. Hata hivyo hisani hiyo ilikuwa na masharti. Mwaka 1877 Alfred aliwaonya watu wake kwamba siasa si kazi yao. Na aliyeacha kazi aliiacha na nyumba.

Aibu kubwa ilikuja katika Vita Kuu ya Pili. Maelfu ya raia wa nchi zilizotekwa, mateka wa vita na wafungwa wa makambi walifanyizwa kazi kwa nguvu, huku wakiwa na njaa. Mabomu yaliyoanza kumiminika kwa wingi tarehe 5 Machi 1943 yaliuteketeza mji. Baada ya vita, mwaka 1948, mahakama ya Wamarekani huko Nuremberg ilimhukumu Alfried Krupp kifungo cha miaka 12 kwa kuwatumikisha watu hao na kupora mali. Aliachiliwa mwaka 1951 na kurudishiwa mali yake.

Alfried alifariki mwaka 1967, na mali yote ikawa ya wakfu. Mwaka 1999 kampuni iliungana na ile ya Thyssen, na makao yake makuu yamo Essen, katika uwanja wa kiwanda cha kale. Jumba la Hügel lilinusurika vitani. Sasa watu huingia humo kutazama. Kijumba cha Friedrich kilibomolewa na mabomu, kikajengwa upya mwaka 1961.

Anayezuru Essen na azione zote mbili, kisha apite Margarethenhöhe. Lakini asiwasahau wale waliolala makambini, ambao jasho lao pia limo katika chuma hicho.