Nusu ya Pili

Mlango wa nyuma wa nyumba ya bibi, hapa Mzinga, unatazama milima ya Uluguru. Desemba iliyopita nilizuiwa pale.

Ndani alikuwamo mtoto wa dada yangu. Alifanya mtihani wa darasa la saba Septemba, akawekwa ndani wiki tatu, na siku hiyo ndiyo alikuwa anatolewa. Mimi nilitoka chuoni na doti mbili za kanga, nikiwa nimeiacha sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili imekwama. Somo wa mwali, mama mtu mzima anayeuza ndizi sokoni, akaziba mlango kwa mkono, akaimba mstari mmoja wa Kiluguru. Ulikuwa nusu tu. Nusu ya pili ndiyo jibu.

Nikatabasamu. Akarudia.

"Mama, mimi wa humu humu," nikasema.

"Sijakuuliza wewe ni wa wapi."

Angeniuliza hilo ningefaulu. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na shamba hufuata ukoo; tawi la ukoo tunaliita tombo, yaani titi. Hayo ningeyataja hata usingizini. Namjua pia mwana hiti, kile kisanamu cha mti walichokuwa wakipewa wali wa huku na wa Uzaramo. Nimemsoma vitabuni, nimeona picha zake. Pale mlangoni hayo yote hayakunisaidia kitu. Nikaenda kukaa uani na watoto, nikachambua mchele.

Nina rafiki aliyesoma Marekani, akajiunga na chama cha wanafunzi wa kike, vile vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Kimojawapo, Kappa Alpha Theta, kilianzishwa na wasichana wanne jimboni Indiana mwaka 1870, wakati wanawake chuoni walikuwa wa kuhesabika. Rafiki yangu alikariri majina ya waasisi wa chama chake, tarehe, na alfabeti nzima ya Kigiriki, kisha akafanya mtihani. Tulicheka sana aliponisimulia. Ila yeye alipewa kijitabu cha kusomea.

Mimi sikuchezwa. Mama alikataa. Yeye mwenyewe aliwekwa ndani miezi mingi, na alipotolewa nafasi yake ya sekondari ilikuwa imeshapita. Zamuyangu ilipofika alinipeleka bweni, akagombana na bibi, na kwa miaka miwili hatukukanyaga Mzinga. Kila cheti nilichopata alikitia kwenye bahasha moja ya kaki, anaiweka chini ya godoro. Nilikua nikiamini kwamba mambo yale aliyatupa.

Saa tisa hivi mama akafika, mkoba begani. Somo akaimba nusu yake. Mama hakusimama hata. Akaitikia huku anavua viatu, sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake, na vigelegele vikampokea. Mlango ukafungwa.

Nililisikia jibu. Ni maneno manne. Ningeweza kuinuka nikayarudia, na Kiluguru changu si kibaya kiasi hicho. Lakini somo alichungulia dirishani, akaniangalia, akijua kabisa kwamba nimesikia. Nikaendelea na mchele.

Usiku, tukiosha masufuria, nikamuuliza mama maana yake.

"Unataka kwenda kuandika?"

Nikasema hapana. Hakuniamini, na sijui kama nilistahili kuaminiwa. Akanipa sufuria jingine.

Asubuhi mwali alikaa nje kwenye mkeka, mafuta yanamng'aa, pesa zimebanwa kichwani. Januari anaanza kidato cha kwanza. Sare zake dada ameshazinunua. Nikamkalia karibu, nikamnong'oneza ile nusu ya kwanza. Akanikazia macho, kisha akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mama mdogo," akasema, "kumbe wewe hujui?"