Simbo: Michikichi, Ajira na Karatasi Tuliyoitia Mhuri

Tulitoka Ujiji Jumamosi moja baada ya Swala ya Alfajiri, watu watatu wa kamati ya msikiti, tukiwa na daftari na nakala ya karatasi iliyotunyima usingizi wiki nzima. Safari si ndefu. Ukishaliacha bonde la Mto Luiche, michikichi huanza kukuzunguka pande zote, na kabla jua halijawa kali unakuwa umefika Simbo, kata ya Wilaya ya Kigoma, pale inapoanzia barabara ya kusini iendayo Ilagala na Kalya.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya mwaka uliopita. Kijana aliyesoma madrasa kwetu alikuja na jirani yake wa Simbo. Alitaka nauli na mtaji wa kwenda Dar es Salaam. Jirani alikuwa tayari kumkopesha shilingi 600,000. Dhamana ilikuwa michikichi 32, na mkopeshaji angeivuna mpaka deni litakaporudishwa. Tuliuliza kama pande mbili zimeridhia. Zikasema zimeridhia. Tukatia mhuri.

Ijumaa iliyotangulia safari yetu, mama wa kijana huyo alitusubiri nje ya msikiti. Hakupandisha sauti. Alituuliza tu, “Ustadh, ninyi wenye mhuri, siku ile mlimuuliza nani kuwa ile michikichi ni ya nani?”

Hatukuwa na jibu. Ndiyo maana tulikwenda.

Mgeni anaweza kupita Simbo akadhani hakuna ajira, kwa kuwa haoni ofisi wala kiwanda kikubwa. Lakini chikichi moja hulisha mikono mingi. Yuko anayepanda mti na kukata mikungu. Wako wanaoibeba hadi uwanjani, ambako huachwa siku chache ili punje zilegee. Wako wanaopukuchua, wanaochemsha katika mapipa, wanaozungusha mashine ya kukamulia, na wanaoyachemsha mafuta tena ili maji yatengane. Mawese hutiwa katika madumu ya lita 20 na kupakiwa kwenda sokoni. Kokwa nazo hazitupwi: akina mama huzipasua na kutoa mise, inayokamuliwa mafuta yake ya kutengenezea sabuni. Makuti hutoa fagio. Kila hatua ina mtu wake na ujira wake, ingawa hakuna mkataba ulioandikwa wala mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mkoa wetu umezoea kutazama ajira kubwa zinazoletwa kutoka mbali. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata meli ambayo leo tunaiita Liemba ikateremshwa majini. Bandari na stesheni zimewasomesha watoto wengi wa Ujiji. Leo vijana wanasubiri reli ya kisasa kutoka Tabora. Hatulaumu matumaini hayo. Lakini mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, tuliwaona wavuvi wetu wa dagaa na migebuka wakitafuta vibarua nchi kavu, na baadhi yao walivipata kwenye mapipa ya mawese. Chikichi ambayo kijana huiona kuwa kazi ya wazee ndiyo iliyowalisha watoto wao miezi ile.

Serikali nayo imeitazama upya. Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolisimamia jambo hili mwaka 2018, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimepewa jukumu la mbegu bora za aina ya tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi kuliko dura, ile ya asili tuliyorithi. Mche wake huanza kuzaa baada ya takriban miaka 3 au 4. Tatizo linabaki lile lile: kijana mwenye shida leo hawezi kuisubiri miaka hiyo, na asiye na mshahara hapati mkopo kwa urahisi. Basi huenda kwa jirani, na dhamana aliyo nayo ni mti.

Tulimkuta mama uani akipasua kokwa pamoja na binti zake wawili. Alitukaribisha kwa Kiha, “Mwakeye,” akatuwekea mkeka. Marehemu mumewe, alisema, hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake walikwisha tangulia mbele ya haki. Aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili na michikichi 32. Mirathi haikugawanywa. Kila mtu alivuna, wakala pamoja, mpaka karatasi yetu ilipowafungia shamba. Tangu hapo wale wanawake watatu walikuwa wakinunua kwa wengine kokwa ambazo jana zilikuwa zao.

Tulifungua daftari. Thumuni ya mke ni miti 4. Inayobaki ni 28: mwana 14, kila binti 7. Hesabu ile ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai, na tungeweza kuifanya siku ile ya mhuri. Kijana aliweka rehani miti 18 isiyokuwa yake, nasi tukawa mashahidi.

Mkopeshaji alipoitwa alikuja bila kinyongo. “Mabwana, mimi sikumlazimisha mtu,” alisema. “Aliniomba nami nikampa. Nani mwingine angempa?” Swali lake ni la haki, na anayelipuuza hatatatua chochote. Tulimweleza alivyofundisha shehe wetu: rehani ni amana ya kulinda deni, na mkopeshaji akishartia kula mavuno yake huku deni likibaki vile vile, ziada hiyo imeingia katika riba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema hilo hakuna aliyemwambia siku ya mhuri. Hilo pia lilikuwa kweli.

Alikuwa ametoa madumu 8. Kwa bei ya shilingi 50,000 aliyouzia, ni 400,000, gharama za kukata na kukamua zilikuwa 100,000, ikabaki 300,000. Mama alisema fungu lake na la mwanawe vipunguze deni. Binti mkubwa akaridhia vivyo hivyo. Binti mdogo alikataa. “Kaka nampenda,” alisema, “lakini haki yangu naitaka mkononi.” Mmoja wetu alitaka kumsihi, mwenzetu akamgusa bega. Alikuwa amedai kilicho chake. Fungu lake lilikuwa shilingi 65,625, na mkopeshaji akamhesabia 66,000.

Tulimpigia kijana simu. Yuko Kariakoo, anasukuma mkokoteni. Alisikiliza, akamwomba mama yake radhi, akakubali kwamba mavuno ya miti yake 14, baada ya gharama, yamlipe mkopeshaji mpaka salio liishe, kisha miti irudi. Miti 18 ilirudi siku ile ile. Alipoulizwa kama atarejea, alisema, “Bado sijajua, Ustadh.” Hatukumsukuma.

Wako watakaosema mambo ya chikichi hayaihusu kamati ya msikiti. Sisi tunaona yanaihusu mara mhuri wake unapotumika. Tangu safari ile tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, hatushuhudii rehani ya mali ya marehemu kabla ya kuona mgawanyo wa mirathi, na warithi wa kike wawepo wenyewe. Pili, anayehitaji fedha kabla ya mavuno tutamwelekeza kwenye mkataba wa salam: anapokea bei yote leo, anaahidi madumu yanayojulikana idadi, sifa na siku ya kukabidhi, bila kutaja mti maalumu; maana Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda yaliyo mtini kabla ya kuiva kwake kudhihiri. Tatu, kila deni liandikwe likiwa na mwisho, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Nanyi wazazi mnaosoma ukurasa huu, kabla hamjamlaumu kijana anayekimbilia mjini, mwonyesheni kwanza miti yake ni mingapi. Asiyejua fungu lake nyumbani hawezi kupima kama safari ina faida au hasara.

Tulirudi Ujiji kabla ya Magharibi tukiwa na dumu moja la mawese. Mama alitaka kutupa bure. Tulimlipa bei ya soko, akaipokea. Ile nakala yenye mhuri tumeihifadhi ndani ya daftari la kamati, ukurasa wa mwanzo, ili katibu atakayekuja baada yetu aikute.

Wabillahi tawfiq.