BATRI HAIPENDI KUFUNGIWA

Mara hii sisi wanafunzi wa sehemu ya umeme tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho kiko karibu mu kila nyumba yetu ya kulala: batri. Lakini tutaanza mbali kidogo, ku mchezo mmoja wa Ulaya na Marekani, kwa sababu mule hatari inaonekana wazi zaidi.

Huko kuna watu wanaojenga nyambizi ndogo za mfano, yaani merikebu za kuzama chini ya maji na kurudi juu. Mwenyewe anasimama kando ya maji, kisanduku cha redio mkononi, na chombo kinamtii: kinazama, kinageuka, kinaibuka. Kazi kubwa ni kuzuia maji. Moteri, mashini ya redio na batri vinawekwa ndani ya bomba moja, na bomba linafungwa kwa mipira ili hata tone moja lisipite. Ni vizuri. Lakini bomba lenye kukataza maji kuingia linakataza vilevile hewa kutoka. Hapo ndipo neno letu linaanza.

Batri ya risasi na asidi, ile ya motokari, ikiisha kujaa na mtu akaendelea kuichaji, maji yake yanagawanyika kuwa gesi mbili: hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Hata batri zile wanaita za kufungwa ziko na kidude cha kupumulia. Ukizichaji kupita kiasi, zinatoa gesi. Batri za litiamu, sawa zile za simu, ziko na ubaya mwingine: zikitobolewa, zikichajiwa kupita kiasi, ao waya zikigusana, zinavimba na kuwaka, na moshi wake ni sumu. Fungia hiyo ndani ya bomba, umetengeneza bomu.

Ndiyo maana mafundi wa mchezo huo wanashika sheria: kufungua bomba mbele ya kuchaji, kutia fizibo karibu kabisa na batri, kutupilia mbali batri iliyovimba, na kutoiacha ichajiwe bila mtu wa kuangalia.

Nyambizi kubwa za vita zilijifunza hayo kwa machozi. Mwezi wa Agosti 1949 hidrojeni ya batri ililipuka ndani ya nyambizi ya Marekani, jina lake Cochino, kaskazini ya Norwe. Ilizama, na watu 7 walikufa. 6 kati yao walikuwa wa nyambizi nyingine, Tusk, iliyokuja kusaidia. Na tarehe 15 Novemba 2017 nyambizi ya Argentina, ARA San Juan, ilipotea pamoja na watu 44. Mbele ya kunyamaza, kapiteni alikuwa ameripoti kwamba maji ya bahari yaliingia kwa njia ya hewa, yakafika ku batri za mbele, moto ukaanza.

Mtasema: sisi hatuna nyambizi. Kweli. Lakini tuangalie nyumba zetu. Asubuhi tunaenda darasani, tunafunga milango na madirisha juu ya wezi. Mchana wote pano ya jua inachaji batri, nayo iko ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, chini ya kitanda. Jioni mmoja anakuja na mshumaa, anafungua sanduku, anagusanisha waya: cheche! Hilo sanduku na lile bomba, tofauti iko wapi? Na wanaolala vitanda vya chini ni wadogo wetu wa mwaka wa kwanza.

Wenzetu wengine wanajibu: « Tukitoa batri nje, wataiiba. » Maneno hayo si ya bure. Batri ni mali. Kuna mzazi aliyeuza mbuzi ili aipate. Sisi hatusemi muache kufuli. Tunasema sanduku lipumue.

Matundu yawekwe wapi? Watu wa Goma wanajua mazuku, ile gesi nzito inayolala mu mabonde na kuua mbuzi, hata watu. Hidrojeni ni kinyume chake: ni nyepesi kuliko hewa mara 14, inapanda. Basi matundu ya kuitoa yawe juu ya sanduku, na mengine chini ili hewa mpya iingie. Tena sanduku litoke chini ya kitanda, likae ku baraza, chini ya dari, limefungwa na munyororo ku nguzo. Kabla ya kugusa waya, fungua kifuniko na ungoje kidogo, bila mshumaa wala kibiriti karibu.

Tunamuomba Bwana Prefe aturuhusu kutumia baraza ya kila nyumba. Munyororo tutachanga wenyewe. Jumamosi, kisha salongo, tutakuwa karibu na stoo pamoja na misumari na nyundo. Mwenye sanduku alilete, tutalitoboa bila malipo.